Kichwa chenye masikio ya baba

Siku hiyo niliingia sebuleni nikamkuta baba yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu mwenye akili zake timamu, ameinama ananong'oneza kichwa cha plastiki.

Kichwa nilikitengeneza mimi. Masikio yalikuwa yake.

Ngoja nieleze, maana najua mmeshanihukumu.

Mimi ni fundi sauti wa michezo ya redio. Bosi alitaka mchezo ambao msikilizaji akivaa hedifoni ajione amekaa mle mle chumbani. Mlango ufunguke kuliani kwake, mtu apite nyuma ya kisogo chake, mpaka msikilizaji ageuke kuangalia. Kwa kazi hiyo unahitaji kichwa bandia chenye maikrofoni ndani ya kila sikio.

Vya kiwandani vipo. Lakini ofisini kwetu hata karatasi ya chooni mtu anakuja nayo kutoka kwake, kwa hiyo tuachane na habari za kiwandani.

Dada yangu ana saluni. Akanipa kichwa cha kuvalishia mawigi, kina ufa shingoni. Nikakishindilia sponji ili kisitoe mwangwi kama debe tupu.

Shida ikawa masikio. Yalikuwa ya urembo tu, bapa, hayana mikunjo. Na mikunjo ya sikio ndiyo inayouambia ubongo sauti imetoka wapi. Nikayakata kwa msumeno juu ya meza ya chakula.

Mama akapita. Akaangalia.

"Ukimaliza, futa meza."

Sasa nikahitaji masikio ya mtu. Kwenye ukoo wetu mjadala haukuwa mrefu. Shule nzima ilimwita baba Antena mpaka akastaafu.

Ila kipindi hicho nyumba ilikuwa imenuna. Baba alikuwa na ngiri. Daktari alishasema afanyiwe upasuaji haraka, kwa sababu utumbo ukibanwa hapo hakuna tena muda wa kubembelezana.

Baba akasema hapana.

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu nimesema hapana."

Mama alilia. Dada alisusa kuja. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Hapana ikabaki pale pale. Tukawa tunamwangalia anavyoinuka kitini ameshika tumbo, na kusema kweli niliogopa sana.

Lakini nilipomwomba masikio, hakusita.

"Yote mawili?"

"Yote mawili, baba."

"Sawa. Nilidhani utaniachia moja."

Nikamlaza ubavu, nikaziba tundu kwa pamba, nikampaka mafuta, nikammwagia jasi, ile ya kutengenezea dari. Ikikauka unabaki na umbo la sikio. Ndani ya umbo unajaza silikoni ya kuzibia kingo za sinki, unasubiri. Baba alitulia kama yuko kwa kinyozi.

Masikio yalitoka safi, usipime. Hata kovu la kwenye ndewe lilitokea. Nikayabandika, nikachomeka maikrofoni, nikakiketisha kichwa kwenye sofa kinase sauti za nyumba. Saa ya ukutani, vyombo jikoni, mlango unaolia.

Mama akakivalisha kofia. Alisema kipara chake kinamkosesha amani.

Nilikiacha pale wiki nzima. Kila asubuhi nawasha, jioni nazima, nahifadhi. Kusikiliza nikasema nitasikiliza baadaye.

Ndipo nikamkuta baba kwenye lile sikio. Aliponiona akajinyoosha.

"Nilikuwa nakagua kazi," akasema, akatoka zake.

Nikabeba kinasa sauti mpaka chumbani, nikavaa hedifoni. Saa ikawa inagonga juu nyuma yangu. Vijiko kuliani. Ndala zikaburuzwa, sofa likalalamika, kisha pumzi ikanijia sikio la kushoto, karibu kabisa. Niliruka kitini.

"Wewe una masikio yangu," sauti ya baba ikasema, "kwa hiyo hili linabaki kati yetu."

Mtu mwenye adabu angezima. Mimi nikaongeza sauti.

"Baba yangu alikwenda hospitali na ngiri hii hii. Akaniambia nimsubiri kwenye benchi. Akaingia peke yake, hakutoka. Mimi kisu sikiogopi. Ila ule mlango, kuuingia peke yangu, siwezi. Na hapa kila mtu ananifukuza niende. Hakuna aliyeniambia tutaongozana."

Nikavua hedifoni. 

Nikamkuta uani anapanga nguo zilizokauka.

"Baba, nimeongea na kazini, nina likizo." Ulikuwa uongo, niliiomba baadaye. "Tunakwenda wote hospitali. Naingia na wewe mpaka pale watakaponizuia, na ukizinduka utanikuta."

Hakuniangalia. Akakunja shati vizuri.

"Wiki nzima naongea na kile kichwa. Leo ndiyo unasikiliza?"

"Ulijua kinanasa?"

"Mwanangu, kitaa chekundu kinawaka kutwa nzima. Ulifikiri nimekiona pambo?"

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi mwenyewe?"

"Wewe nikifungua mdomo unapiga kelele. Kile kinakaa kimya."

Nikachukua nguo nikamsaidia kukunja.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilimshika mkono korido yote, na muuguzi aliponizuia mlangoni, baba akamwambia, "Huyu mwanangu, muonyeshe pa kukaa." Alipozinduka akanikuta. Akauliza kama nimekula.

Juzi nikapata ujasiri wa kusikiliza za siku zilizotangulia. Ya kwanza kabisa ina sentensi moja tu. Anakohoa, anavuta pumzi, anasema taratibu, "Mwanangu, naogopa, naomba unisindikize."

Kisha saa ya ukutani inaendelea kugonga, na yeye bado amekaa pale pale, anasubiri.

Jamani, kama una mzee nyumbani anayesema hapana bila sababu, sababu anayo. Kaa karibu yake, funga mdomo. Si lazima uwe wa plastiki.