Ukili Unaofumuka

Usiku ule nililala na hasira, maana mchana kutwa Mama alikuwa ameniuliza swali lile lile, kila nikimjibu anasahau. Usingizi uliponichukua, nikamwona Bibi, mama yake Mama, aliyetutoka zamani. Amekaa chini sebuleni kwangu, mbele ya televisheni, anasuka ukili wa mkeka. Mama yuko kando yake, naye ameshika miyaa ya kusukia ukili wake.

Nikaona haya. Miyaa yake niliigawa kwa majirani siku nilipomleta Mama huku Morogoro. Nilimwambia, "Umetulea, sasa zamu yetu. Pumzika." Nikamwekea msichana wa kupika, wa kufua, hata wa kumtilia sukari kwenye chai. Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Bibi anamgeukia Mama. "Hapa baada ya nyeusi inafuata rangi gani?"

Mama anafikiri, midomo inamcheza.

"Nyekundu, Bibi," nadakia mimi. Ukili wa Mama unafumuka.

"Wifi yako wa Bagamoyo anaitwa nani?"

"Mwanahawa," nadakia tena. Unafumuka tena.

Mara tuko uani kwa Bibi, Mama ni msichana, anasuka huku akihesabu kwa sauti na hakosei. Namtazama kwa raha. Nikipepesa macho, mikono yake imezeeka, mitupu, imelala mapajani.

Bibi ananikazia macho.

"Sikukuuliza wewe," anasema. "Ulidhani unamtua mzigo, mjukuu wangu. Ulichomtua ni kazi, na akili isiyotumika hulala."

Nataka kumwomba radhi, usingizi unakatika.

Niliamka adhana ya alfajiri ikiita. Mama alikuwa jikoni, amekaa, anamsubiri msichana aje amchemshie maji. Niliona aibu kumtazama. Sijui kama kilichokwisha kupotea hurudi. Najua tu kwamba kilichobaki nilikuwa nakilaza kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "leo nisaidie. Samaki wako wa nazi, unaanza na nini?"

Midomo ikamcheza. Nikauma ulimi, nisije nikadakia.

"Kumbe bado mna haja na mimi?" akasema. "Nilidhani mmenileta huku ningoje kufa."

Kisha akainuka, akaanza kutafuta mbuzi ya kukunia nazi. Nyumbani kwangu haikuwepo. Nikatoka kwenda kuiazima kwa jirani, machozi yakinitiririka njia nzima.