Hodi Tatu za Posta

Dada yangu ni fundi cherehani, na sijawahi kuona kitambaa kilichomshinda kukata. Kengele ya getini ndiyo iliyomshinda. Juu ya meza yake ya kukatia yalikaa maboksi mawili, moja la kengele ya waya na jingine la kengele ya betri, zote zenye kamera na spika ya kumjibu mgeni kwa simu, naye akawa anayazunguka na mkasi mkononi kama mtu asiyejua pa kuanzia.

Kengele haikuwa kwa ajili ya wezi. Ilikuwa kwa ajili ya mumewe.

Shemeji yangu mtaa mzima unamwita Posta, kwa sababu alisambaza barua nyumba kwa nyumba mpaka alipostaafu. Sasa kumbukumbu zinamtoroka. Leo anamtania mkewe, kesho anamwamkia kwa adabu kana kwamba ndiye mteja aliyekuja kupimwa gauni. Hayo dada aliyamudu. Kilichomtesa ni miguu ya mumewe. Posta akipata upenyo anatoka, na akishatoka anapotea. Mara ya mwisho tulimkuta kituo cha mafuta, viatu kavishika mkononi.

Utasema, si wangefunga geti? Walilifunga. Alilipiga mpaka viganja vikavimba, akalia mbele ya wateja: "Nimeiba nini mimi?" Dada akaapa hatatia kufuli tena. Mwanawe mkubwa, anayeishi mbali na kutuendesha kwa simu, akaapa kinyume chake.

"Mama, hiyo kengele itakupigia simu akitoka. Lakini baba akipotea tena, mara moja tu, ni kufuli. Hutaki, nakuja kumchukua nimfungie kwangu."

Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na hofu. Ila hofu ya mtu wa mbali ina kelele.

Ndiye aliyetuma ile ya betri. "Unaibandika tu, mama. Haitaki fundi, na umeme ukikatika haina habari."

Fundi umeme wetu, aliyekuwa amekuja kubadilisha swichi, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Ya betri inalala, mama. Mpaka ishtuke iamke, mtu keshapita, unabaki na picha ya kisogo. Na nani ataichaji? Wewe unayeunguza maharage kila siku? Chukua ya waya. Hiyo iko macho saa zote, inarekodi bila kupumzika. Waya wa kengele ya zamani bado upo pale kwenye nguzo ya kulia. Nakufungia leo leo."

"Na umeme ukikatika?"

"Sote tutakuwa gizani, mama, si kengele peke yake."

Mimi nilikuwa upande wa fundi na sikuficha. Mlinzi anayelala si mlinzi. Dada akakubali tuijaribu ya waya kwanza, ya betri ikabaki ndani ya boksi lake.

Haikupita wiki. Alasiri moja dada alikuwa anakimbizana na sare za kwaya, cherehani inanguruma, simu iko chini ya rundo la vitambaa. Kengele ilipiga simu kama ilivyoahidi. Hakuna aliyeisikia. Nilipotoka jikoni kumuuliza shemeji kama atakunywa chai, kiti chake cha barazani kilikuwa kitupu na geti liko wazi.

Kwenye simu tulimwona vizuri sana, hata kifungo kilicholegea kwenye shati. Ametoka, amevuta kofia, ameteremka kuelekea barabara kuu. Barabara ya malori. Tukakurupuka hivyo hivyo, dada na futi ya kupimia shingoni, mimi na ndala zisizofanana. Nyumba tukaiacha peke yake.

Barabara kuu hayupo. Muuza vocha hakumwona. Bodaboda hawakumwona. Simu ya mwanawe ikaita, dada akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Nimwambie nini?" akaniuliza.

Nikafungua kamera, angalau nione kama amerudi. Geti lilikuwa tupu. Nikarudisha picha nyuma kidogo: tupu pia, kuku tu anaparura. Halafu ikatoka sauti isiyo na mtu.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya kirefu zaidi.

"Hodi hapa!"

Kisha nyayo zikaburutika, zikaondoka.

Dada alinikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. "Ndiye! Alirudi nyumbani!"

"Mbona haonekani?"

"Hasimami mbele ya geti, mdogo wangu. Aliwahi kung'atwa na mbwa mwaka wake wa kwanza kazini. Tangu hapo anasimama pembeni, upande wa kushoto, mgongo ukutani. Kengele haigusi. Anapiga hodi tatu, asipoitikiwa anaondoka. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote."

Roho iliniuma, sina namna nyingine ya kusema. Sisi tulikuwa huku tunamtafuta, na bila shaka tulipishana naye kwenye uchochoro. Yeye alifika kwake kwa miguu yake, akaomba ruhusa ya kuingia, akaikosa, akaenda zake kwa adabu.

"Hata siku ile ya kituo cha mafuta," dada akasema taratibu, "sote tulikuwa nje tunamtafuta."

"Sasa kaenda wapi?"

"Nyumba inayofuata. Anateremka upande wetu, geti kwa geti, anavuka hapa chini, anapanda upande wa pili. Halafu anarudi alikoanzia." Akaifunga vizuri futi shingoni. "Wewe kaa hapa anapovukia. Usimshike! Ukimshika akiwa kazini anakimbia. Mimi narudi nyumbani."

"Unaniachia mimi mumeo, dada?"

"Atakapopiga hodi awepo wa kuitika."

Akaondoka mbio, nami nikabaki. Baada ya muda nikamwona kweli, anashuka, geti moja baada ya jingine. Anasimama pembeni, anaita, anangoja, anaondoka. Watu walikuwa makazini. Alipofika mwisho wa mtaa akageuka kuvuka, bila kutazama kushoto wala kulia, na wakati huohuo lori la mchanga likaingia kutoka barabara kuu.

Mikono yangu ilitaka kumdaka. Nikaikataza. Nilirukia mbele ya lori nikatandaza kanga yangu, na matusi niliyompa yule dereva mama yangu asingeamini yalitoka kinywani mwangu. Lori likaguna, likasimama. Posta akapita mbele yangu, akagusa kofia.

"Asante, binti," akasema. Hakunijua.

Nikamfuata nyuma nyuma mtaa wote wa upande wa pili. Hodi, hodi, hodi. Hakuna aliyejibu. Mwishoni akavuka tena, akasimama kushoto mwa geti letu, mgongo ukutani.

"Hodi."

"Karibu!" Dada alijibu kabla neno halijaisha.

Geti likafunguka. Posta akavua kofia. "Nimezunguka mtaa mzima, mama. Hakuna aliyeitika."

"Pole, baba. Ingia upumzike."

Kesho yake fundi umeme alikuja kifua mbele. "Mmeona? Ingekuwa ya betri, hata ile sauti msingeipata. Ingekuwa imelala."

"Kweli, fundi," dada akamwambia. "Yako iko macho, lakini imefungwa mahali asiposimama mume wangu."

"Nitavuta waya mpaka kushoto. Nipe siku mbili, nitachimba ukuta."

"Na hizo siku mbili asimame wapi?"

Akafungua boksi la betri mwenyewe, akaibandika kushoto, usawa wa kifua cha Posta. Anaichaji wakati mumewe anaoga na yeye anamsugua mgongo. Simu siku hizi inaning'inia kwenye cherehani, sauti juu kabisa. Mwanawe alipouliza habari ya kufuli, alijibiwa kwa kifupi: "Baba yako anajua njia. Kufuli kafungie begi lako."

Juzi nilikuwa nimekaa na dada nikimsaidia kushona vifungo. Posta alikuwa amechomoka tena, na dada alikuwa ameshanyanyuka kumfuata, simu ikaita.

"Hodi."

Dada akainamia simu. "Karibu!"

Kwenye kioo tulimwona, uso wote, si kisogo. Aliutazama ukuta uliomwitikia kwa sauti ya mkewe, akavua kofia.

"Basi hapa ndipo," akasema, na hakuondoka.