Mtoto Mmoja kwa Kila Kaya

Ipo siku moja ya kijijini Segese, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyovaa joho chuoni. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu na mvi zangu ni mbili, moja sina uhakika nayo. Lakini katika kazi hii ya ustawi wa watoto, aliyetangulia kuchubuka ndiye mzee. Wewe umeajiriwa mwezi huu, una vyeti vizuri na maswali mengi. Nami nilianza hivyo hivyo. Ngoja nikueleze nilivyomkosea mtoto mmoja aitwaye Doto.

Nilikuwa nimetoka chuo, nikapewa kusimamia utafiti katika vijiji vya machimbo. Hali ya huko unaijua. Baba anafukiwa kwenye duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, mama anahamia upande wa Geita kufuata rashi, yaani mbio mpya za dhahabu, mtoto anabaki na bibi. Baada ya hapo mtoto halali, au anapiga wenzake, au ananyamaza kabisa. Wataalamu wa kuwatibu watoto wa namna hiyo ni wachache na wako mjini. Utafiti ulitaka kujua kama mwanamke wa kawaida wa kijijini, akifundishwa wiki chache, anaweza kukaa na mtoto kwa vikao kumi vya michezo na mazungumzo, na mtoto akapata nafuu.

Mimi sikuamini. Nilitilia shaka dodoso, nikatilia shaka tafsiri yake, nikatilia shaka kama nafuu inaweza kupimwa. Zaidi ya yote niliwatilia shaka wahudumu wenyewe, wale wanawake wa vijijini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakusema kwamba kila anayeuliza ana akili.

Mmoja wa wahudumu hao aliitwa Mama Masanja, mkulima wa mpunga, elimu yake darasa la saba, miaka yake hamsini na kitu. Alizunguka kijiji kizima kwa miguu. Jaribio la maandishi la mwisho wa semina alilifeli, na mimi ndiye niliyesahihisha. Kwenye semina hiyo aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, na pacha je?"

"Kanuni ni mtoto mmoja kwa kila kaya, mama," nilimjibu. "Wakiwa wengi, tunapiga kura kwa kuokota karatasi."

Akaandika kwenye daftari. Nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa ameelewa tangu kabla sijazaliwa.

Karatasi ikaokotwa kwa Bibi Kabula, aliyekuwa akilea wajukuu wawili wa kike wa miaka tisa, Kulwa na Doto. Majina hayo Usukumani hayahitaji maelezo: pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Baba yao alikuwa amefia duarani, mama yao hajulikani aliko. Kulwa alikuwa akiwapiga wenzake shuleni hadi mwalimu akachoka. Doto alikuwa haongei na mtu isipokuwa Kulwa. Bahati ikamwangukia Kulwa.

Siku ya kikao cha tano nilifika kwa Bibi Kabula bila taarifa. Nilikuta watoto wawili kwenye mkeka, wanachora kwa mkaa juu ya boksi lililopasuliwa, na Mama Masanja kati yao. Nilimwamkia shikamoo, maana adabu nilikuwa nayo, kisha nikamwambia ameharibu utafiti. Nilisema mtoto ambaye hakuchaguliwa hawezi kukaa ndani, na kwamba jambo hili likirudiwa nitalifuta jina lake kwenye orodha ya wahudumu.

Bibi Kabula ndiye aliyejibu, huku akiendelea kupepeta mchele.

"Huyu mgeni ana maneno kama polisi. Umeoa wewe?"

"Bado, bibi."

"Ndiyo maana. Ukizaa pacha, wa kunyonyesha utamwokota kwa karatasi?"

Kisha akanieleza, kama unavyomweleza mtu asiyejua moto unaunguza. Pacha hawagawanywi. Ukimnunulia mmoja gauni, mwenzake anapata lile lile. Mmoja akinywa dawa, mwingine analambishwa hata kijiko. Nikamuuliza nini kitatokea wakigawanywa. Akasema anayenyimwa huumia. Nikamuuliza amejuaje, nani amelipima hilo. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye ungo wake.

Nikamwambia Doto atoke nje. Alitoka bila kuniangalia usoni, kama watoto wa huko wanavyofundishwa mbele ya wakubwa. Kwenye daftari langu niliandika kwamba ametoka bila upinzani. Maneno hayo bado yapo. Siku hizi nayasoma mara mojamoja, kama mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi.

Wiki iliyofuata Mama Masanja alinipigia simu. Kulwa haongei tena kwenye kikao, anakaa kageukia ukuta. Doto hajalala nyumbani siku mbili. Nikapanda pikipiki nikaenda.

Tulimtafuta kutwa nzima. Alasiri tulifika kwenye makarasha, mashine zile za kusaga mawe, ambako huwezi kumsikia hata mtu aliye ubavuni mwako. Nyuma yake kuna mwalo wa kuoshea unga wa mawe. Doto alikuwa pale amechuchumaa na wanawake, mikono yote miwili ndani ya beseni lenye zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, anakandakanda mchanga kama mtu anayekanda unga wa chapati.

"Kaja mwenyewe," mwanamke mwenye beseni alituambia kabla hatujamuuliza. "Kasema kwao hatakiwi. Nikampa ugali, nikampa na pa kulala. Ningemfukuza?"

Nilitaka kuanza maswali. Mama Masanja alinishika mkono, akanisogeza pembeni. Akaomba maji safi na sabuni, akachuchumaa, akamwosha mtoto mikono kidole kimoja kimoja. Hakumuuliza kitu. Nilitazama saa yangu mara mbili. Mikono ilikuwa imeshatakata, naye akaendelea kuosha. Ndipo Doto akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu:

"Mimi sikuchaguliwa."

Mwanangu, nilikuwa nimesoma mengi kuhusu namna watoto wanavyobeba misiba. Sikuwa nimefikiri kwamba na mimi naweza kuwaongezea mmoja. Mtoto aliyefiwa na baba, akaachwa na mama, alikuja mtu msomi na vikaratasi vyake akamthibitishia kwamba safari hii pia si yeye.

Tulipokuwa tunarudi, mtoto ametangulia hatua chache, Mama Masanja akaniambia, "Ng'wanone, miezi mitatu nakusikiliza. Umeuliza tafsiri, umeuliza dodoso, umeuliza kama mimi naweza kazi. Hiyo kanuni yako ya karatasi hukuiuliza hata mara moja. Kwa nini?"

"Niliikuta, mama."

"Na sisi pacha tumewakuta."

Alisema "ng'wanone", yaani mwanangu, kwa hiyo hata hasira sikupata pa kuishikia.

Jioni hiyo nilimpigia simu kiongozi wa utafiti, nikiwa nimejiandaa kubishana. Hakuna ubishi uliotokea. Alisema kanuni iliwekwa ili watoto wa nyumba moja wasifanye hesabu ionekane nzuri kuliko ilivyo. Basi nyumba ile itolewe kwenye hesabu, watoto wote wawili wahudumiwe, na Doto apelekwe hospitali ya Kolandoto akaangaliwe kwa ajili ya zebaki. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi. Simu hiyo ningeweza kuipiga siku ya semina, swali lilipoulizwa.

Usidhani mambo yalinyooka. Doto alipimwa, akarudi kwa bibi yake, lakini vikao vitatu alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mimi nilipokuwepo hakufika kabisa. Kwa hiyo nikaacha kwenda. Kikao cha nne tangu arudi akaingia. Kulwa aligeuka kutoka ukutani. Kupiga wenzake hakuacha, ila alipunguza, na Mama Masanja aliniambia kwamba usiku sasa wanalala wote. Kwenye ripoti hawamo. Utafiti ule ulipokwisha, hakuna mahali palipoandikwa kwamba watoto hawa wawili walipata nafuu, wala kwamba mmoja wao nilimfukuza mimi.

Sasa nikupe neno lenyewe, maana nyani haoni kundule na wewe hujaliona lako bado. Endelea kuuliza. Sikuombi uamini kila mila unayoambiwa. Nyingine nazipinga mpaka leo. Ila shaka yako ianzie kwenye kile ulichokibeba wewe mkononi: fomu, kanuni, kipimo. Hivyo ndivyo vyenye nguvu ya kumtoa mtoto nje ya mlango. Na mhudumu akikuuliza swali kwenye semina, usimpe jibu kabla hujamuuliza anajua nini. Tunasema tunawajengea uwezo wanawake hawa, na ni kweli wanahitaji mafunzo, mapumziko na mtu wa kuwasikiliza wanapochoka. Lakini hawaji kwetu watupu. Anayemfundisha mtu bila kumsikiliza, anamfundisha kunyamaza, na mhudumu akishanyamaza, mtoto hana tena wa kumsemea.

Ukikosea, maana utakosea, piga simu siku hiyo hiyo. Usingoje mtoto apotee ndipo upate ujasiri.

Nenda salama kwenye kijiji chako. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, akukutanishe na mtu wa kukukemea mapema, na watoto utakaowafikia walale usingizi usiokatika.