Bibi Anapuliza

Raba za bibi yangu tulizinunua kwenye mitumba. Nyeupe, zina mstari mwekundu ubavuni, na mpaka leo naamini zilikuwa za mcheza mpira wa Ulaya mwenye miguu ya kitoto. Alizivaa na kanga mbili na kilemba. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bibi, tusipite karibu na uwanja, watakusajili." Akacheka, na kile kicheko kikamponza: alishika ukuta mpaka pumzi ilipomrudia.

Mapafu yake yameliwa na moshi. Zamani, kabla viwanda vya minofu havijachukua samaki na kuwaachia akina mama mapanki, yaani vichwa na mifupa, bibi alikuwa anabanika samaki ufukweni, ameinamia tanuri la udongo na kuni mbichi. Moshi ukamwachia vitu viwili: kifua kinacholia kama filimbi iliyoingia mchanga, na macho mekundu. Hospitali walisema ugonjwa huu hauponi, ni wa kuishi nao. Nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akamkataza kujifungia ndani.

"Utembee nje kila siku, bibi. Taratibu. Ukichoka simama, vuta hewa kwa pua, halafu itoe kwa mdomo uliobana, kama unapoza uji. Ukikaa tu kitandani, hata hizo nguvu zilizobaki zitakuishia." Kisha akanigeukia. "Na wewe mrefu, utamsindikiza kabla ya shule."

Basi kila asubuhi tukawa tunashuka mtaa wetu wa Mabatini, kutoka kwetu juu kwenye mawe mpaka pale ziwa linapoanza kuonekana, halafu tunarudi. Kushuka ilikuwa raha. Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Njia yote ni mawe na mtaro, na penye tambarare ni mbele ya milango ya watu tu. Kwa hiyo bibi alipumzikia milangoni. Anashika nguzo ya kibaraza, anainua uso, anapuliza. Fuuu. Fuuu.

Kwenye salamu ndiko nilikoanza kuona kuna shida. Mtu akimwamkia wakati anatafuta pumzi, bibi hana sauti ya kuitikia. Na mzee asiyeitikia shikamoo anaacha kitu kibaya hewani. Nikaamua kuokoa jahazi.

"Shikamoo bibi," alisema fundi cherehani wa jirani.

Fuuu.

"Marahaba," nikaitikia mimi.

"Nimekuamkia wewe, mshenzi?"

"Bibi amenikaimisha ofisi, fundi. Hujambo mwanangu?"

Watu walicheka. Mwanzoni.

Halafu mtoto mchanga wa nyumba yenye mlango wa bluu akashikwa na homa, akakataa kunyonya. Mlango wa bluu ulikuwa mmoja wa vituo vyetu. Sikuunganisha mambo. Niliona tu salamu zimekwisha, na milango inafungwa mbele yetu, mmoja baada ya mwingine, kama vile mvua inakuja. Ndipo nikaanza kumtazama bibi kwa macho yao: kizee mwenye macho mekundu, haongei, anasimama mlangoni kwako asubuhi na mapema, anapuliza kuelekea ndani ambako mtoto wako amelala. Nani angefikiria uji?

Asubuhi moja tukakuta matawi ya miiba mbele ya mlango wa bluu, yamemwagiwa majivu, palepale bibi anapoweka miguu.

"Siku hizi watu wanapanda maua ya ajabu," nikasema, nikiyasukuma kwa kiatu.

Bibi hakucheka. Wala hakupuliza. Alibana pumzi, akapanda bila kusimama, huku nikimsukuma mgongoni kama mkokoteni. Tulipofika nyumbani midomo yake ilikuwa na rangi ya yale majivu.

Alipoweza kusema, alisema, "Mwenzangu niliyekuwa nabanika naye. Kule kijijini kwake nako walianza na miiba na majivu."

"Si alikufa kwa homa, bibi?"

"Nyie watoto ndio tuliwaambia homa." Akafuta macho kwa pindo la kanga. "Walimkata mapanga. Walimwita mchawi, kwa macho kama haya haya."

Raba zikaingia chini ya kitanda. Bibi akakaa ndani, na nikaanza kusikia kifua chake kikilia nyuma ya ukuta, kwa pumzi fupi, fupi zaidi. Hata darasani nilikisikia, mwalimu akiandika ubaoni. Ikafika siku hata kwenda chooni alipumzika njiani.

Nikajaribu ujanja wangu. Nilishuka peke yangu nikipuliza kila mlango, fuuu, nikawafundisha watoto wote wa mtaa, wakanifuata wakipuliza kama treni. Nilifikiri tukiwa wachawi wengi, uchawi utakwisha. Mama zao waliwavuta masikio. Fundi alinimwagia ndoo ya maji.

Kisha mtoto wa mlango wa bluu akapona. Nilirudi mbio kumwambia bibi: yamekwisha! Alikuwa amekaa sakafuni kati ya kitanda na mlango. Hakuweza kufika.

"Nikikaa humu, moshi utamaliza kazi yake," alisema. "Lete viatu."

Tulishuka, tukapanda. Mbele ya mlango wa bluu palikuwa na kiti. Kiti safi cha mbao, na hakuna mtu. Pazia tu lilikuwa linatikisika. Fundi akaninong'oneza bila kuinua macho kwenye cherehani: "Afadhali bibi yako amemwachia mtoto."

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mapafu, ni uji, nendeni mkamuulize nesi! Bibi alikuwa ameshakaa.

"Bibi, hiki si cha heshima. Wanakuogopa."

"Ngoja nipumue." Akapumua. Akaipapasa mbao kwa kiganja. "Kiti ni kiti, mjukuu wangu."

Tangu hapo kipo kila asubuhi. Mama wa mtoto hatokei. Mimi hulishukuru pazia, "Asante mama, shikamoo pazia," na pazia haliitikii. Pumzi ya bibi imerefuka kidogo. Chooni sasa anafika bila kusimama.

Jana mvua ilinyesha alfajiri. Tulipofika, kiti kilikuwa kimefutwa kikakauka, na kukizunguka, duara la majivu mapya, bado makavu. Bibi aliyaona. Akaweka raba zake nyeupe ndani ya duara, akakaa, akabana midomo, akapuliza.