Baraka Mbili Njiani Giakanja

Najua kuna mtu atasoma hapa aseme huyu alikuwa amelewa. Pombe sijawahi kuonja. Haya yalinipata alasiri, nikiwa na akili zangu timamu, na asiyeamini aje aone mkono wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpigaji kodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, na kilikuwa kimenitembeza harusi nyingi kutoka Murang'a hadi Nanyuki. Nilikula vizuri, nikaona mlima ukijifunua asubuhi na theluji yake, nikaona wazee wakicheza mwomboko, mume na mkewe, mpaka wanasahau uzee. Halafu ng'ombe wangu akashtuka nikiwa nimejizungushia kamba yake mkononi. Vidole vya kulia vikakataa kukunjika. Hospitalini waliniambia nivumilie, lakini nani anamngoja mwanamuziki? Siku hiyo nilikuwa natoka Giakanja kwa miguu kwenda Ruring'u, kumpa binamu yangu kodiani aichukue kabisa. Nilikuwa na uchungu, sitaki kukudanganya.

Unaujua ukungu wa mwezi wa saba huko kwetu? Ndani yake akatokea cucu mmoja, bibi mzee wa Kikuyu, shuka begani, akasimama katikati ya njia. Aliutazama mzigo wangu akaniomba wimbo mmoja tu wa mwomboko. Nikamwonyesha vidole. Akasema nipige na vile vinavyokubali. Sasa cucu utamkataliaje?

Nikapiga vibaya, vibaya kabisa. Yeye akainua mkono, akauweka hewani kama ameshika bega la mtu, akaanza kucheza. Nikafikiri yuko peke yake. Halafu nikatazama chini. Nyasi zilikuwa zimelowa kwa ukungu, na mbele ya miguu yake nyasi nyingine zilikuwa zinalala na kuinuka, zikifuata wimbo wangu. Niamini, nilitaka kutupa kodiani nikimbie. Lakini uso wa yule mama ulikuwa mzuri, jamani, uzuri ambao sijauona tena. Nikaendelea kupiga.

Alipotosheka akasema nilete mikono anibariki. Wazee wetu hubariki kwa mate, hilo unalijua. Akatema kidogo kwenye kiganja cha kushoto. Nikashukuru, nikaanza kuirudisha mikono.

"Huo mwingine usiurudishe," akasema polepole. "Bado yeye."

Tone la mate, tena la moto, likaanguka kwenye kiganja cha kulia. Mdomo sikuuona.

Nilikuwa bado nakitazama kiganja wakati mke wa mwanawe alipokuja na sweta kumchukua. Nikamwuliza juu ya mzee wa boma, mume wa cucu. Akanijibu kwamba alizikwa zamani, pale chini kwa kahawa, na kwamba cucu husimamisha kila mpigaji anayepita.

"Wengi hukimbia," akasema, akamfunga cucu vifungo vya sweta.

Kabla sijafika Ruring'u nilikunja kidole kimoja, kisha vyote. Nilikaa kando ya barabara nikalia, nikacheka, nikamshukuru Mungu na yule mzee kwa pamoja. Padre anisamehe. Binamu yangu hakupata kodiani. Alipata nyimbo mpaka akachoka. Tangu siku hiyo vidole havijaniuma, hata kwa baridi ya kwetu.

Basi nawe, mjane akikubariki, usiwe na haraka ya kufunga mikono. Iache wazi kidogo. Huenda mwenzake bado anakuja.