Kurasa Zilizofungia Dagaa

Muuza vitabu wa sokoni Kigoma amepanga vitabu vyake jirani na meza ya dagaa, na harufu yao imenirudisha uani kwa bibi, Ujiji, nikimsomea riwaya. Ilimhusu mpagazi maarufu wa misafara ya zamani, ambaye bibi alisema ndiye aliyezaa ukoo wetu. Mizigo aliyobeba, kila mtu aliijua. Alikotoka hakuna aliyejua, ndipo mwandishi akambunia utoto.

Nilipofika kwenye utoto huo, kurasa hazikuwepo. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa amezichana kuwafungia wateja dagaa.

"Soma basi, mjukuu wangu," alisema, vidole vikimeremeta magamba.

Nikaogopa kumwambia. Nikatunga. Nikampa mpagazi mama, aliyemfungia mihogo ya njiani, akamsindikiza hadi mtoni, akabaki akimwita mpaka sauti ikamkauka.

Bibi aliacha kuchambua dagaa. "Kumbe alikuwa na wa kumlilia," alisema, akajifuta macho kwa pindo la kanga. Siku hiyohiyo majirani wote walisimuliwa.

Leo nimeiona riwaya ileile, nzima. Nimezitafuta zile kurasa. Mpagazi aliokotwa porini, hana mama.

Nimeifunga.

"Vipi, hukitaki?" ameuliza muuzaji.

"Hiki wamekosea," nimemjibu.