Mlango wa Choo Uelekee Wapi?

Enzi zetu, mtoto wa shule alijulikana Jumatatu asubuhi kwa mzigo wake: mkoba mgongoni, kimtungi cha lita tano mkononi, na soksi moja iliyolowa kwa sababu kifuniko cha mtungi kilipotea na mama akaziba kwa karatasi ya nailoni. Maji hayo yalikuwa ya kuosha darasa. Ukija mikono mitupu, unarudishwa nyumbani. Tulipita vichochoro vya mtaa wetu wa Kisumu Ndogo tukiruka mitaro, tukiwapita akina mama wanaopanga mafungu ya omena, dagaa wa ziwani, kila mmoja akichungulia mtungi wa mwenzake aone nani kabeba nusu. Juzi nilimsimulia binti yangu haya, naye akainua macho kidogo kutoka kwenye simu. "Ai, mum! Hiyo si ni child labour?" Huyo ana chupa ya maji yenye mrija na picha ya farasi mwenye pembe, na akiisahau nyumbani, shule inanipigia simu.

Mimi nilikuwa mdadisi tangu zamani. Wenzangu wakicheza kati na blada wakati wa mapumziko, mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nikiwaza mambo yasiyonihusu. Kwa nini mwalimu wa hesabu huvaa koti hata kukiwa na jua? Kwa nini mandazi ya mama fulani yana shimo katikati na ya jirani yake hayana? Mama yangu, aliyekuwa muuza omena, alichoka nami. "Wewe na maswali yako," alikuwa akisema, "utamuuliza hata omena alikuwa anaenda wapi kabla hajavuliwa." Kusema kweli, niliwahi kulifikiria hilo.

Na ndivyo nilivyogundua kwamba Adhiambo hanywi maji.

Adhiambo alikuwa jirani yangu wa dawati katika darasa la saba, msichana mrefu, mcheshi, mwenye mwandiko wa kupendeza kuliko wa mwalimu. Alikaa Soweto West, mtaa wa mbali na shule, na mama yake aliyekuwa akifua nguo za watu mtaani. Tangu asubuhi hadi jioni hagusi kikombe. Siku ya githeri yenye chumvi nyingi, sote tukikimbilia ndoo, yeye analamba midomo tu. Nilimchunguza wiki nzima ndipo nikamuuliza.

"Nikikunywa nitataka kwenda choo," akasema. "Na choo ni gani?"

Alisema kweli. Choo chetu cha zamani kilikuwa shimo nyuma ya jikoni, lenye mbao mbili na gunia badala ya mlango. Wasichana tulikwenda watatu watatu: mmoja ndani, mmoja ashike gunia, mmoja aimbe ili watu wajue kuna mtu. Kilinuka, lakini kilikuwa mafichoni. Kisha kikajaa, kikafunikwa kwa mabati, na tukabaki hivyo hivyo. Wavulana walijipangia mambo yao ukutani. Sisi tulijizuia. Adhiambo, kuna siku za mwezi ambazo hakuweza kujizuia, basi kengele ya mapumziko ikilia, alikimbia hadi kwao na kurudi. Mapumziko yalikuwa mafupi na kwao mbali. Alichelewa, akachapwa, akachelewa tena. Mwisho mwalimu wa zamu akamwambia kwamba akitoka langoni mara nyingine, asirudi. Mama yake naye akasema kama shule yenyewe ni ya mbio, heri ampeleke kwa dani, nyanya yake, kijijini ushago, angalau huko kuna shamba la kumsaidia.

Kwa hiyo siku vijana wa kujitolea walipoingia na fulana zao za manjano, nilitaka kulia kwa furaha. Walikuwa wanafunzi wa chuo na mafundi wao, wakiongozwa na dada mmoja aliyeitwa Wanja, mwenye kicheko cha kusikika hadi darasa la kwanza. Walikuja kutujengea vyoo. Sijawahi kuona kazi ikanipendeza hivyo. Niliwafuata kama kivuli: niliuliza saruji hukaukaje, mbona kamba inafungwa kwenye vijiti, bomba la kutoa harufu linajuaje kutoa harufu. Fundi mmoja aliniita injinia. Wiki chache baadaye vikasimama vyoo sita vyenye milango ya bluu, na mbele yavyo mfereji mpya wa kunawia mikono. Wanja alitueleza kwamba milango imeelekezwa kwenye mfereji makusudi, ili mtoto akitoka tu akutane na maji, asisahau kunawa. Tukapiga makofi. Wazo lilikuwa zuri hata leo nikilifikiria.

Ila kulikuwa na jambo ambalo wageni hawangelijua, maana walikuwa wanafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Siku za wiki, ua wetu haukuwa wetu peke yetu. Upande ule wa mfereji ukuta ulikuwa umebomolewa, na tangu mfereji uwekwe mtaa mzima ulichota maji pale, ila wikendi ulifungwa. Wauza maji walipanga mikokoteni yao tangu asubuhi, wanaume wazima na vijana wasio na haraka, nyuso zao zimeelekea milango sita ya bluu.

Nilikaa kwenye jiwe langu nikahesabu. Wavulana waliingia na kutoka wakipiga mluzi. Wasichana wadogo wa chekechea waliingia. Sisi wakubwa, hakuna. Nikamuuliza Adhiambo mbona haingii, choo ndicho hicho, kipya, kina mlango na komeo.

"We, si unaona wale maboi?" akasema. "Ukiingia wanahesabu dakika. Jana Mwende wa class eight ametoka, wakamuuliza kama amejifungua."

Akaendelea kutokunywa maji. Akaendelea kukimbia, sasa kwa kupenya kwenye tundu la ua.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi tena, wageni walirudi kuona kazi yao. Mwalimu mkuu alitupanga mapema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akatukumbusha, kidole juu. "Wakiuliza, mnasema ndiyo na mnasmile. Hakuna kuaibisha shule, mmeskia?" Mimi nilichaguliwa kukariri shairi la shukrani. Nyuma yetu ukutani yalikuwa yameandikwa maneno makubwa meupe, KUULIZA SI UJINGA. Nilimaliza shairi, Wanja akainama hadi macho yake yakalingana na yangu, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Wasichana mnavitumia? Viko sawa?"

Adhiambo alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi anangoja. Mimi niliyeuliza kila kitu katika ulimwengu huu, nilikuwa na jibu moja ambalo mtu alilihitaji.

"Ndiyo," nikasema. "Tunavipenda sana."

Wakapiga makofi, nikapigwa picha, nikapewa pakiti ya biskuti. Siwezi kudai niliogopa kiboko tu. Nilijionea fahari, biskuti zilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Muhula haukuisha kabla mwalimu wa zamu hajamkuta Adhiambo kwenye lile tundu la ua. Jumatatu iliyofuata nafasi yake kwenye dawati ilikuwa na kimtungi changu.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikahamia Kawangware, na siku moja nikipeleka sketi kupunguzwa pale sokoni, fundi wa cherehani akainua kichwa, sindano mdomoni, akaniangalia muda. "Niaje, Madam Ndiyo?" Alikuwa Adhiambo. Akacheka hadi wateja wakageuka. Mimi nilishindwa kucheka. Aliniambia kule ushago alirudia darasa, kisha karo ikakosekana, kisha cherehani ikamlea. Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza: "Wacha hizo. Ulikuwa mtoto. Lakini ungesema, ai."

Sasa likizo zikifika, huwa natoka na kikundi cha majirani wa Kawangware, mafundi wa mawe, wa mabomba na mimi mpishi, tunakwenda kujitolea katika shule za mashambani ambazo bado hazina choo wala maji ya maana. Adhiambo haendi, ana duka la kulinda, lakini kila safari huniagiza jambo moja: "Usiniletee stori za ndiyo."

Mwezi uliopita tulikuwa shule moja huko magharibi, katikati ya mashamba ya miwa. Fundi alikuwa ameshapigilia vijiti na kufunga kamba. Nikamwita msichana mmoja wa darasa la saba, nikamwonyesha mlango utakapokuwa, nikamuuliza kama pako sawa. Akamtazama mwalimu wake. Akatabasamu. "Ndiyo, madam. Tunapapenda sana."

Niliijua sauti ile, ilikuwa yangu. Nikamwomba mwalimu atuache kidogo, nikaketi chini kwenye nyasi. "Haya, wewe ndiwe fundi," nikamwambia. "Mlango wa choo uelekee wapi?"

Alitazama vijiti, akatazama njia. Kisha akanyoosha kidole upande wa pili, kwenye miwa, mbali na njia ambayo waendesha boda hupumzikia. Fundi akaguna, akang'oa vijiti vyote.

Enzi zetu tulibeba maji mengi na maswali machache, na mdomo wa mtoto ulikuwa wa kushukuru. Nakumbuka kwa hamu vichochoro vile, githeri ile, hata soksi iliyolowa. Sitamani ile adabu yetu. Binti yangu anauliza kila kitu na kupinga kila kitu, na zamani ningemwita mjuaji. Siku hizi namwacha aulize, japo ananichosha.

Vyoo vilipokamilika nilimtumia Adhiambo picha, milango imeelekea kwenye miwa, na wasichana wakubwa wamepanga foleni. Kisha akajibu kwa neno moja.

"Ndiyo."